Msinizikie Mwiko Wangu

Kawangware, Nairobi
Jumatano, mchana

Mama yangu mpendwa,

Kwanza kaa chini. Kama Nafula amekuja mbio na karatasi hii mkononi, mwambie dada yangu asubiri. Ukae, ushike kitu, ndipo asome. Na Nafula, soma polepole, usiruke mstari hata ukiona unakuaibisha.

Tangu shuleni nimeandika barua zikianza kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni kwenu. Sikuwahi kuyafikiria maneno hayo. Leo nayaandika nikiyafikiria: Mama, mimi ni mzima. Mimi Simiyu, kitinda mimba wako, niko hai. Nimekonda mpaka suruali naifunga kwa kamba, lakini leo mchana nimekula ugali na sukuma wiki, nikaomba niongezwe. Wewe je? Presha yako ikoje? Unameza dawa, ama umeziacha kwa sababu ya kilio? Nasikia tangu Jumatano iliyopita unalala sakafuni. Amka hapo chini tafadhali, sakafu ile ina baridi, na hakuna mtoto wako aliyekufa.

Jana nilipata namba ya Nafula kwa Jumba wa lori, nikapiga. Ulipokea wewe. Nilisema, "Mama, ni mimi," nikasikia mayowe, halafu simu ikaanguka. Baba mdogo Wanyonyi akaichukua, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Nyinyi matapeli hamna haya! Hata sauti za maiti mnaiba sasa?" Kisha akakata, na tangu hapo namba hiyo haiingii tena. Sikumkasirikia sana. Najua mwaka huu mlilizwa na yule mwizi aliyejifanya mimi niko kwa seli ya polisi, ukauza mahindi uniokoe. Lakini Mama, nilikaa pale na simu ya watu mkononi, nikajiona kweli sipo. Sijawahi kuogopa vile.

Ndiyo maana nimeandika kwa mkono. Mwandiko wangu unaujua, herufi zote zimelala upande kama zimechoka. Na kama Baba mdogo bado anabisha, nitataja jambo moja ambalo hakuna tapeli wa Nairobi wala wa Bungoma anayelijua. Ni la yule kuku mwekundu. Siku ninaondoka nyumbani ulinivuta nyuma ya jikoni, ukatoa noti kwenye fundo la leso, ukaniambia ulimuuza sokoni kwa siri ili nipate nauli. Watu wote wa boma uliwaambia ameliwa na kicheche. Nafula, pole. Najua ulimlilia sana kuku wako, na najua ulimwekea mtego yule kicheche wiki nzima. Hakuwa na kosa.

Sasa niwaeleze ilikuwaje mpaka mkaletewa vyombo vyangu vya kazi.

Unajua natoka Gatwekera kule Kibera kila asubuhi kwa miguu mpaka Kawangware, kwenye ule mjengo wa ghorofa niliokuambia. Mafundi wa mawe hufanya kazi wawili wawili. Mnafunga uzi kutoka pembe hii hadi ile, mmoja anaanza kulia, mwingine kushoto, mnapanga mawe mpaka mkutane katikati. Mwenzangu wa uzi ni Njoroge. Amezaliwa hapa Kawangware, amesoma hapa, hata mbwa wa hapa wanamjua. Mimi huniita "mtu wa kuja", nami humwita mwenye mji, na tukikutana katikati ya ukuta yule aliyechelewa ananunua chai.

Jumatatu ya wiki mbili zilizopita bomba lilikauka. Wakaleta maji kwa pipa, hakuna aliyejua yametoka wapi. Jua lilikuwa kali. Mimi na Njoroge tulikunywa kwa kikombe kimoja cha plastiki, yeye kwanza, mimi baadaye. Saa tisa Njoroge akashika tumbo. Nikamcheka, nikamwambia mwenye mji anakimbia chai. Saa kumi nikaacha kucheka.

Niangalie vizuri hapa, Mama, kwa sababu ndipo akili yangu imekwama mpaka leo. Maji yalikuwa yale yale, kikombe kile kile, na ugonjwa mmoja. Lakini kutoka mjengoni hadi kwa mama yake Njoroge ni kuvuka barabara mbili. Alipofika mlangoni akaanguka, mama yake akapiga kelele, majirani wakambeba, na jua halijatua alikuwa kliniki na sindano ya maji mkononi. Mimi nilikuwa na mwendo wa saa nzima mbele yangu. Nilisema nitajikaza.

Nilifika upande wa Riruta Satellite miguu ikakataa. Niliketi kando ya duka moja, nikatapika, na samahani kukuambia hivi, nikajichafua. Watu waliniruka. Nilimsikia kijana mmoja akisema, "Cheki huyu, Jumatatu na ashalewa." Mimi, ambaye hata busaa ya harusi hunilewesha kwa harufu! Nilitaka kumjibu lakini ulimi ulikuwa mkavu kama gunia. Sijui nililala pale muda gani. Nakumbuka mkono ukiingia mfukoni mwangu, nikafurahi, nikadhani ni mtu anatafuta jina langu anisaidie. Alitafuta simu na kitambulisho, akavipata, akaenda zake.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza mboga. Aliniangalia machoni akasema, "Huyu si mlevi, huyu ni mgonjwa." Akaita watu wa mkokoteni, wakanipakia pale penye vitunguu, wakanisukuma mpaka hospitali. Jina lake silijui. Nikipata nguvu nitamtafuta, hata kama nitanunua mboga kwake mpaka nizeeke.

Hospitalini walisema ni kipindupindu. Siku nne za kwanza sizijui. Nilipoanza kuelewa mambo, niliona karatasi kitandani imeandikwa "Mwanamume, hajulikani". Nesi alikuwa akiniita Jamaa wa Gambuti, kwa sababu ya viatu vyangu vya kazi. Nilimwambia jina langu, akauliza kama kuna mtu wa kupigiwa simu. Nikafungua mdomo nitaje namba ya Nafula, nikakuta sina. Namba zote zilikuwa ndani ya simu iliyoibwa. Kichwani nilikuwa na namba moja tu, yangu mwenyewe. Nesi akaipiga. Imezimwa. Akanitazama kwa huruma, nami nikageukia ukuta nikalia.

Huku nje, Mama, kazi haisubiri. Pale mjengoni kuna utaratibu wetu. Ukiugua, unamtuma ndugu yako akushikie nafasi. Anakuja na mwiko wako wa simiti, anasimama kwenye uzi wako, na malipo mnagawana nusu kwa nusu mpaka upone. Usipoonekana siku tatu na hujatuma mtu, nyapara anaita mwingine kutoka wale wanaosubiri langoni. Hakuna mtu hulalamika, wote tuliingia kwa njia hiyo. Hata mimi nafasi yangu niliipata kwa siku tatu za mtu mwingine, na sikuwahi kujiuliza yule mtu alikuwa amelala wapi.

Njoroge alikuwa na kaka yake Kiarie, baba wa watoto wawili, fundi vile vile. Jumanne asubuhi Kiarie alikuwa kwenye uzi. Mimi nani angesimama? Wewe uko Bungoma, Nafula ana shule ya kufundisha, na Gatwekera nakaa peke yangu. Alhamisi nafasi yangu ikaenda.

Usidhani Njoroge alipita hivi hivi. Ijumaa alirudi kazini macho yameingia ndani, kwa sababu nusu ya malipo haikuwatosha watoto wake na wa Kiarie. Alipanga mawe ameegemea ukuta. Nyapara alimwambia, "Buda, ukianguka hapa ni juu yako." Ugonjwa ulimtafuna na yeye. Tofauti ni kwamba yeye ulimtafuna watu wakimwona.

Jumamosi, na nguvu zenyewe za kuazima, Njoroge alitembea mpaka Gatwekera kunitafuta. Hakuwahi kufika kwangu, alijua tu kwamba nakaa karibu na reli. Jina langu hawakulijua, basi akauliza fundi wa mjengo, mtu wa magharibi, anakaa peke yake. Wapangaji wakamwambia, "Huyo si alikufa? Jumatano gari la kaunti lilikuja likambeba, wakamwaga dawa kwa nyumba." Njoroge akaketi pale chini akalia. Akaenda mochari, hakuona kitu. Akaambiwa wa ugonjwa huo huzikwa haraka.

Na sasa lile kosa lao, Mama, ambalo nikilifikiria sijui nicheke ama nipige ukuta. Mafundi tuna desturi kwamba vyombo vya marehemu havishikwi na fundi mwingine. Mwiko wa mtu umelika kwa mkono wake, na ukiutumia yeye akiwa kaburini, ukuta wako utapinda. Vinarudishwa kwao. Basi Jumatatu walichanga, kila mtu alichokuwa nacho, wakafunga mwiko wangu, pima maji, timazi na nyundo ndani ya koti langu la kazi, wakamtafuta mtu wa kwetu wa kuvipeleka. Wakampata Jumba, utingo wa lori la mahindi, yule tuliyesoma naye. Walifanya kwa upendo. Wangekuwa watu wabaya wangeuza, na wewe usingelia.

Jumba anasema ulipofungua lile koti ulichukua mwiko ukaukumbatia, ndipo ukaanguka. Amenisimulia huku anatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa hai wakati huo, Mama. Nilikuwa nimelala kitandani nikimlalamikia nesi uji hauna sukari.

Juzi Jumatatu daktari aliniachilia. Nikaenda Gatwekera, nikakuta mtoto mchanga analia ndani ya chumba changu. Kimepangishwa. Baada ya Njoroge kunililia pale, godoro langu lilichomwa, nguo zangu zilichomwa. Mwenye kusimamia nyumba aliponiona alirudi nyuma hatua tatu akasema, "Shindwe!" Nikamwambia, "Mzee, ni mimi Simiyu." Akasema, "Najua ni wewe, ndiyo maana nakwambia ushindwe."

Nikashika njia ya Kawangware, napumzika kila baada ya nyumba tatu. Nilipoingia langoni, wa kwanza kuniona alikuwa mtu wa kuchanganya simiti. Aliacha koleo likasimama lenyewe ndani ya simiti akatimua mbio. Wengine wakaruka kutoka kwenye mbao. Njoroge peke yake hakukimbia. Alikuja polepole, akanishika uso kwa mikono yake yenye simiti.

"Simiyu?"

"Niaje, mwenye mji."

"Wee! Si ulikufa? Si tulichanga?"

"Mlinichangia pesa ngapi?" nikamuuliza, na nilikuwa natania, lakini yeye alianza kulia mbele ya wanaume wote wale, na mimi nikalia, na nyapara akatwambia mjengo si matanga.

Nyapara huyo hakunitazama usoni. Kwenye uzi wangu kuna fundi mwingine, na anafanya kazi nzuri, nilimwona. Nikasema basi nipewe uzi mwingine ghorofa ya juu. Akauliza, "Na vyombo viko wapi?" Nikamwonyesha mikono mitupu. Akasema, "Fundi bila mwiko ni mtu wa mkono. Ukitaka, ingia ubebe mawe." Mama, miaka saba nimekuwa fundi. Siwezi hata kubeba nafsi yangu kwa sasa, nitabebaje mawe?

Kuna jambo lingine ambalo limenikosesha usingizi. Yule aliyebebwa na gari la kaunti alikuwa mtu kweli. Alikaa chumba cha tatu kutoka changu. Alikuwa fundi pia, na alitoka magharibi, nafikiri upande wa Busia kwa jinsi alivyosalimia. Tulipishana kwenye bomba la maji kila asubuhi mwaka mzima, yeye na mtungi wake wa njano, na mimi na wangu. Jina lake silijui. Nimewauliza wapangaji wote, hakuna anayelijua. Yeye vyombo vyake havikupelekwa popote, na mahali fulani kuna mama anadhani mwanawe amekawia tu kupiga simu. Wewe ulilia machozi ya mama huyo.

Sasa sikilizeni, na Baba mdogo Wanyonyi naye aitwe asikilize. Jumba ameniambia kwamba kwa kuwa maiti haikupatikana, wazee wameamua Jumamosi mtakata mgomba muuzike badala yangu, na mwiko wangu uwekwe ndani pamoja nao. Tafadhali. Nawaheshimu wazee na najua kwa nini desturi hiyo ipo. Lakini mgomba ukishateremshwa kaburini kwa jina langu, najua sitaingia tena bomani kama mtu wa kawaida. Nitakuwa mtu aliyezikwa. Na mwiko ukifukiwa, hata huku nitakuwa mtu aliyezikwa. Yule ng'ombe mliyepanga kumchinja mwacheni ale majani, hajanikosea chochote.

Njoroge amefanya jambo ambalo sikulitarajia. Jana alimwendea nyapara na Kiarie, akasema, "Huyu Kiarie amenishikia mimi, sasa atamshikia Simiyu. Juu kule kwa uzi mpya, mpaka arudi na vyombo vyake." Nyapara akauliza tangu lini Mluhya akawa ndugu yao. Njoroge akajibu, "Tangu tukunywe kwa kikombe kimoja." Nyapara alicheka, lakini amekubali mpaka Jumatatu asubuhi. Nisipokuwa na mwiko mkononi Jumatatu, basi. Nalala kwa mama yake Njoroge, yeye ndiye anayeniongeza ugali, na amenikataza kumwita Mama kabla sijakuona wewe kwanza.

Barua hii anaileta Jumba mwenyewe. Mwulizeni, amenigusa, amenifinya hata pasipofaa kufinywa. Ningekuja naye leo lakini kesho Alhamisi asubuhi lazima nionwe na daktari mara ya mwisho. Nikitoka hapo napanda gari, na Ijumaa asubuhi nitakuwa nyumbani. Nimetanguliza barua kwa sababu ya presha yako. Watu wa mjengo walinikimbia nikacheka, lakini wewe ukinikimbia, Mama, sitaweza kuvumilia.

Nisalimie Baba mdogo Wanyonyi, na mwambie simu ya Nafula aifungue. Nisalimie shangazi aliyetembea kutoka Kimilili kuja kunililia, mwambie nimemwonea haya. Nisalimie jirani yetu aliyejitolea kuchimba kaburi. Kama ameshaanza, asifukie shimo bado. Nikija tutakaa pamoja tuamue tufanye nini kwa yule mtu wa chumba cha tatu. Nafula, nitakununulia kuku mwekundu.

Ijumaa sitaingia moja kwa moja. Nitasimama nje, pale kwenye ua wa michongoma, nisubiri. Wewe utoke mlangoni, uniangalie vizuri, bila haraka. Kisha uniite Kuka, kama unavyoniita tangu nizaliwe kwa vile mimi ni babu, nina jina la baba yako. Nikisikia hilo nitaingia. Nisipolisikia nitajua barua imechelewa, nami nitabaki pale nje na gambuti zangu.

Ni mimi mwanao, mzima,
Simiyu